Mtoto Asiyesema si Mtoto Asiye na la Kusema



Miongoni mwa masuala yanayoletwa mara kwa mara katika darsa yetu, limo hili: mtoto amezaliwa na sindromu ya Down, umri wake sasa ni miaka 4 au 5, ala, acheza, acheka, awajua jamaa zake wote, lakini maneno hayatoki, au yakitoka hayafahamiki illa na mamake peke yake. Wazazi wauliza: Je, mtoto huyu atasema? Na ikiwa bado hajasema, tumleeje? Suala hili si dogo, na mengi katika majibu yanayotolewa mitaani ni ya dhana tu. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulifanyia somo.

Tutangulize jambo moja, ambalo yote tutakayoyasema yarejea kwalo. Kusema kwa ulimi ni jambo moja, na kuwa na la kusema ni jambo jingine. Mtu aweza kukosa la kwanza na asikose la pili. Mzazi anayeyachanganya mambo mawili haya humtendea mwanawe dhulma pasi na kukusudia, kwani humfungia mlango mtu aliye ndani akibisha.

HALI HII NI NINI

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu, na ndani ya seli mna vitu kama nyuzi viitwavyo kromosomu, ambavyo ndivyo vilivyobeba maagizo ya umbile la mtu. Kwa desturi kromosomu ni 46: 23 zatoka kwa mama na 23 kwa baba. Mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na jumla yake huwa 47. Hivyo ndivyo ilivyo kwa watoto kama 95 katika kila 100 wenye hali hii. Waliobaki, kipande hicho cha ziada hukaa kwa namna nyingine. Daktari wa Kiingereza John Langdon Down ndiye aliyeieleza hali hii mwaka 1866, na sababu yake ilijulikana mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, huko Ufaransa, walipotangaza khabari ya kromosomu hiyo ya ziada.

Kwa watoto walio wengi kabisa jambo hili hutokea lenyewe mwanzoni mwa uumbaji, wala si la kurithi. Halikuletwa na alichokila mama, wala alichokiona, wala mahali alipopita akiwa mja mzito. Ni kweli kuwa umri wa mama una athari: kwa mama wa miaka 20 hutokea kama mara 1 katika kila uzazi 1,500, na kwa mama wa miaka 40 kama mara 1 katika kila 100. Lakini umri si kosa, na mama vijana pia huwazaa watoto hawa. Basi mume anayemwambia mkewe, "Haya umeyaleta wewe," asema asilolijua. Na jamaa wanaomshauri amwache kwa sababu hiyo wamshauri dhulma.

Wako pia wasemao kuwa mtoto amebadilishwa na majini, au amepatwa na hasadi, na kwamba akizinguliwa vyema ulimi utafunguka. Sisi hatukatai dua. Dua ni silaha ya muumini, na mzazi amwombee mwanawe usiku na mchana. Tunalolikataa ni pesa za kupimiwa mtoto masikio kumalizikia kwenye kombe na hirizi, na miaka yake mitano ya kwanza, ambayo ndiyo yenye manufaa makubwa ya kujifunza lugha, kupotea katika kuzungushwa kwa mganga huyu na yule. Kromosomu haiondoki kwa azima. Lakini mtoto aweza kufundishwa, na kufundishwa huko ndiko kunakotakiwa kwetu.

KWA NINI MANENO HUCHELEWA

Sababu si moja, na mzazi akizijua atajua pa kuanzia.

Ya kwanza ni masikio. Njia za masikio ya watoto hawa huwa nyembamba, na mara nyingi maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Hadi watatu katika kila wanne wao huwa na upungufu wa kusikia, mkubwa au mdogo. Mtoto asiyesikia vyema hatofautishi "kata" na "pata", wala "sita" na "kita". Atawezaje kulitamka neno ambalo hajalisikia sawasawa?

Ya pili ni kinywa. Misuli ya midomo na ulimi ni laini kupita kiasi, na nafasi ya kinywani ni ndogo, hata ulimi waonekana mkubwa. Kusema ni kazi nzito ya misuli mingi kwenda pamoja kwa haraka, na kwa mtoto huyu kazi hiyo ina taabu zaidi.

Ya tatu ni kumbukumbu ya yanayosikiwa. Neno lililotamkwa hupita na kutoweka, nalo hukaa kidogo mno katika kumbukumbu yake. Lakini anayoyaona kwa macho huyashika vizuri zaidi. Jambo hili mzazi alitie moyoni, kwani ndilo ufunguo wa mengi tutakayoyataja.

Ya nne ni kuwa kujifunza kwake kwa jumla ni kwa polepole. Watoto wengine husema neno la kwanza wapatapo mwaka mmoja. Wengi katika hawa huchelewa hadi miaka 2 au 3, na wengine zaidi. Walio wengi husema hatimaye, ijapokuwa matamshi yao huweza kuwa mazito kwa mgeni. Wachache hubaki na maneno haba sana.

Na zaidi ya yote hayo, wataalamu wamethibitisha kuwa mtoto huyu kwa kawaida hufahamu mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Mwambie, "Lete kofia ya baba," ataileta. Mwambie, "Kofia," ajibu, atanyamaza. Mwenye kumpima kwa ulimi wake amempima kwa mizani pungufu.

MAKOSA YALIYOENEA KATIKA MAJUMBA YETU

Kosa la kwanza ni kumsema mtoto mbele yake kana kwamba hayupo. Mgeni aja, auliza, "Huyu vipi?" na mama aanza kusimulia taabu zake zote, na mtoto amekaa pale asikia. Huenda hakuyashika maneno yote, lakini sauti na uso wa mamake amevifahamu.

Kosa la pili ni majina mabaya: taahira, zuzu, punguani. Hata wataalamu wa Ulaya walikuwa na jina la kuwadharau watoto hawa, wakiwaita kwa jina la taifa la Mongolia. Mwaka 1961 kundi la wataalamu liliandika kutaka jina hilo liachwe, na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha, baada ya wajumbe wa Mongolia kulalamika. Ikiwa jina lililotumika katika vitabu vya utabibu kwa miaka karibu 100 liliweza kuachwa, na yetu ya barazani yaweza kuachwa vile vile.

Kosa la tatu ni kumkata kimio, au kumkata mshipa wa chini ya ulimi, kwa dhana kuwa ulimi umefungwa. Sababu za kuchelewa tumekwisha kuzitaja, na kimio si mojawapo. Kisu hicho hakileti neno, bali chaweza kuleta damu isiyokatika na kidonda kibaya. Na watoto hawa, ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, si wa kuchezewa kwa kisu.

Kosa la nne ni kumpiga kwa ukaidi. Mtoto akaa chini katikati ya njia na akataa kuinuka, atupa sahani, auma, ajificha wageni wajapo. Twasema, "Mkaidi huyu!" Lakini mara nyingi hayo ni maneno yake aliyoyakosea mlango. Kukaa chini ni "nimechoka" au "sitaki kwenda huko". Kutupa sahani ni "nimeshiba". Kujipiga kichwa upande mmoja huenda ni "sikio laniuma". Fimbo yaweza kumnyamazisha asiseme hata kwa njia hiyo, lakini haimfundishi njia iliyo bora.

Kosa la tano hutoka kwa mapenzi, nalo ni kumsemea kila jambo. Mama amjua mwanawe. Kabla hajaomba maji amekwisha kumpa. Mtoto asiyehitaji kuomba hajifunzi kuomba.

LA KUFANYA

Kwanza, apimwe. Masikio yapimwe azaliwapo, kisha mara kwa mara, angalau kila mwaka katika utoto wake, hata kama aonekana asikia. Macho yapimwe pia, na damu ipimwe kwa ajili ya tezi la shingo, ambalo likizembea humfanya mzito na mlegevu zaidi. Hapa Kenya viko vituo vya Wizara ya Elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza wazazi, vilivyoanza mwaka 1984. Mzazi asingoje mtoto afike umri wa shule.

Pili, tumpe ishara za mikono. Mikono yake hutii mapema kuliko ulimi. Unaposema "kula", peleka vidole kinywani; unaposema "basi", fanya ishara ya basi; na kila ishara iambatane na neno lake kwa sauti, wakati mtoto akutazama usoni. Anza na machache anayoyahitaji kila siku: kula, maji, tena, basi, choo, nisaidie, naumwa. Wazazi wengi huogopa kuwa akizoea mikono hatasema kabisa. Khofu hii haina msingi. Uchunguzi umeonyesha kuwa ishara hazizuii maneno. Huwa daraja, na neno likija mtoto mwenyewe huiacha ishara. Uingereza wametumia mpango wa namna hii uitwao Makaton tangu miaka ya 1970. Sisi tunayo Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni vyema ishara zetu tuzitoe humo, ili mtoto afahamiwe na wengi.

Wala mtu asione haya kwa mwanawe kusema kwa mikono. Nabii Zakariya, alayhi ssalaam, alipozuiliwa kusema na watu, aliwasiliana nao kwa ishara, na kisa chake kimo katika sura ya Aali Imran na sura ya Maryam. Na katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ishara ya bubu inayofahamika husimama mahali pa tamko lake katika kuuza na kununua, na katika kuoa na kuacha. Ikiwa ishara yafunga ndoa, vipi isitoshe kuombea kikombe cha maji?

Tatu, tutumie macho yake. Tufanye daftari la picha: baba, mama, nyanya, kikombe, kitanda, chuo, pwani, duka. Simu tulizo nazo mikononi zapiga picha hizo bila ya gharama kubwa. Tubandike ukutani picha za mambo ya asubuhi kwa taratibu yake: kuamka, kutawadha, kuvaa, chai, kutoka. Hivi leo viko pia vibao vya umeme vyenye picha, ambavyo mtoto akigusa picha hutoa sauti ya neno; asiye na uwezo navyo asihuzunike, kwani karatasi na gundi zafanya kazi kubwa.

Nne, tumpe khiari, kisha tungoje. Shika maziwa mkono mmoja na chai mkono wa pili, uliza, "Wataka kipi?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Twasahau kungoja, twauliza na kujibu sisi wenyewe kabla mtoto hajamaliza kulifikiri suala. Akitazama, akinyosha kidole, au akitoa sauti tu, hilo ni jibu, mpe alichokichagua. Na akisema neno moja, mrudishie kwa nyongeza ndogo: yeye asema "maji", wewe sema "maji baridi". Usimwambie, "Hukusema vyema." Sema neno sawasawa, naye atalisikia.

Tano, afundishwe kusoma mapema. Wengi watashangaa: asiyesema asomeje? Lakini neno lililoandikwa halipotei kama la kutamkwa. Hukaa mbele ya macho, na macho ndiyo nguvu yake. Huko Portsmouth, Uingereza, mtaalamu Sue Buckley alianza uchunguzi wake mwaka 1980, baada ya baba mmoja kueleza kuwa bintiye mwenye hali hii alifundishwa kusoma tangu udogoni, na lugha yake ikanawiri kwa kusoma huko. Andika maneno makubwa kwenye vipande vya karatasi, "mama", "baba", "paka", uyaweke pamoja na picha zake, na mtoto ayalinganishe. Na lugha yetu ya Kiswahili ina rehema hapa, kwani huandikwa kama inavyotamkwa.

Sita, tusimnyime lugha ya nyumbani. Wako wanaowashauri wazazi waache Kiswahili na kumsemesha Kiingereza tu, ati lugha mbili zitamchanganya. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kutolewa mwaka 2005 uliwatazama watoto wenye sindromu ya Down waliokuwa wakilelewa kwa lugha mbili, na haukuona kuwa Kiingereza chao kilikuwa nyuma ya kile cha wenzao wa lugha moja. Mtoto asiyejua lugha ya nyanyake amekatwa na nusu ya nyumba yake.

Saba, asifichwe. Apelekwe chuoni pamoja na wenziwe. Mwalimu amruhusu aende kwa mwendo wake, amkalishe mbele ambapo ataona mdomo wake, wala asimpige kwa kuchelewa. Sala yenyewe ni mafunzo ya kuonekana: kusimama, kurukuu, kusujudu. Mtoto anayesimama ubavuni mwa babake kila siku hujifunza kwa macho yale ambayo masikio hayakuyashika. Kiasi gani yamlazimu katika ibada atakapobaleghe, hilo hutegemea ufahamu wa kila mmoja, na mzazi awaulize wanazuoni.

KHATARI YA KUBAKI NA MKALIMANI MMOJA

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika nyumba nyingi, mama ndiye mkalimani wa mtoto huyu. Yeye peke yake ajua kuwa sauti hii ni maji na sauti ile ni choo. Watu humsifu kwa hilo, naye astahili sifa. Lakini tuulize: mama akiugua, nani atamfahamu mtoto? Na mama akifa?

Zamani suala hili halikuwa na uzito kama leo, kwani watoto hawa hawakuishi sana. Huko Marekani, mwaka 1983 wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 25; hivi leo ni kama 60, khasa kwa sababu ya kutibiwa mioyo yao. Maana yake ni kuwa mtoto aweza kuishi miaka mingi baada ya wazazi wake. Mama anayemwachia mwanawe lugha ya watu wawili, yeye akiondoka huondoka nayo, na mtoto hubaki mgeni katika nyumba ya nduguze. Basi ishara na picha hizo sharti zijulikane na baba, na ndugu, na shangazi, na ami, na mwalimu wa chuo, na jirani wa mlango wa pili. Baba asiseme, "Hayo ni ya mamake."

Na iko khatari nyingine, ambayo haya hutuzuia kuitaja, na haya hiyo ndiyo inayowafaa waovu. Mtu mbaya akitafuta mtoto wa kumdhuru, humtafuta yule asiyeweza kusimulia. Kwa hivyo katika maneno ya mwanzo kabisa tumfundishe "sitaki". Na tukimfundisha "sitaki", tuliheshimu: akikataa kubusiwa na mgeni, asilazimishwe. Tumfundishe majina ya viungo vyake vyote, kwa adabu lakini bila ya kuvificha. Tumfundishe nani aruhusiwa kumwosha na kumvisha. Na tumpe ishara au picha ya kusema "fulani ameniumiza". Mtoto mwenye kuweza kusema hivyo, hata kwa kidole juu ya picha, ana ngome ambayo mwenziwe hana.

Sheria ya nchi pia i pamoja nasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kupata elimu, na ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mzazi anayekwenda shuleni kumtakia mwanawe haki hiyo hakuenda kuomba sadaka.

KHITIMISHO

Je, mtoto huyu atasema? Kwa walio wengi, jibu ni kuwa atasema, kwa kuchelewa na kwa kadiri yake. Lakini suala lililo bora kwa mzazi ni hili: je, sisi twasikia? Kwani yeye amekwisha kuanza kusema tangu zamani, kwa macho yake, kwa mikono yake, kwa kicheko chake, na hata kwa hiyo sahani aliyoitupa.

Basi leo hii, kabla ya kulala, kila nyumba iliyopewa amana hii na ichague maneno matano na ishara zake, na wote waliomo nyumbani wajifunze, mkubwa na mdogo. Wiki ijayo waongeze mawili. Hiyo si kazi ya fedha, ni kazi ya subira, na subira haijapata kumtupa mwenyewe.

Wabillahi ttawfiq.